Gurudumu ya Muvula

Nilisoma miaka mitatu tu kwa mapadri, na kaye, daftari nilimoandika haya zamani, imeliwa na mende pembeni. Nikikosea kitu hapa, kosa ni langu. Lakini habari ya gurudumu sikosei.

Wabeleji walikuwa bado wanatawala, na mimi nilikuwa seremala mu atelie moja ya kutengeneza viti, Bukavu. Muzungu mwenye shamba la kinini, dawa ya malaria, karibu na kijiji cha Miti alituletea gari ya farasi ya babu yake, iliyotoka Ulaya ndani ya masanduku. Binti yake alitaka kuipanda kwenda kanisani siku ya ndoa. Gurudumu moja ya nyuma ilikuwa imeoza. Mukubwa wa atelie, muzungu naye, alimwahidi kwamba ingine itakuja na meli. Haikuja.

Nikamwambia, "Bwana, mimi nitaitengeneza."

"Wewe tengeneza viti," akasema. "Gurudumu haiko kiti."

Nikachonga tu. Nilichukua muvula, muti mugumu wa pori ya Bunyakiri, nikatoa kitovu cha katikati, duara ya nje, na njiti zote zinazoviunganisha. Mukubwa aliona, akaniacha, kwa sababu ndoa ilikuwa inakaribia.

Gurudumu ya mbao inafungwa na pete ya chuma. Pete inapashwa moto mpaka inapanuka, inavalishwa, inamwagiwa maji, inabana. Ikiwa kubwa, inachomoka. Ikiwa ndogo sana, inavunja mbao. Mimi nilipima mzunguko wa mbao na kamba ya mugomba, na nikailowesha kwanza, kama tunavyofanya kwetu ili isikatike. Nikapeleka kamba ile Kabare kwa muzee mmoja, muhunzi wa majembe. Kamba ikalala siku nzima karibu na moto wake, ikakauka, ikawa fupi. Alipiga pete kufuata ufupi ule. Tulipoivalisha, njiti moja ikapasuka.

Muzee akaniangalia. "Mutoto wangu, mimi nilipima kamba yako. Sikupima kichwa yako."

Mukubwa alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima aliniuliza kama gurudumu yangu ya ndizi imeiva. Lakini niandike na hii: ni yeye alinionyesha kuviringisha kifuniko cha kopo kuzunguka mbao ya gurudumu, kuhesabu mizunguko, kisha kukiviringisha vilevile ndani ya pete. Hakuna aliyemulazimisha. Muzee akapiga pete upya, ikabana vizuri. Kabla hatujaivalisha, pahali pa njiti iliyopasuka nilikuwa nimeweka ingine ya muti mubichi, maana mukavu ulikuwa umeisha. Muti mubichi ukikauka unalegea, kwa hiyo njiti hiyo sikuipaka rangi, nisiisahau.

Mwenye gari alikuja siku farasi wawili wamefungwa tayari. Akagusa gurudumu na kiatu. "Hii ndiyo ilitoka Ulaya?"

"Ndiyo," mukubwa akajibu, na akaniangalia. Nikaelewa: funga kinywa.

Nikajiuliza mimi ni nani hata niongee. Halafu nikasema, "Hapana, Bwana. Iko ya hapa. Muti nilichonga mimi, chuma alipiga muzee wa Kabare, kupima alinifundisha mukubwa huyu. Na ile njiti isiyo na rangi, siiamini sana."

Mukubwa akawa mwekundu kama tofali.

"Huiamini," mwenye gari akasema, "na unataka binti yangu aikalie?"

"Nitaikalia mimi kwanza."

Nikapanda upande wa njiti ile, bila kungoja ruhusa. Mwenye gari akashika kamba za farasi, tukateremka barabara ya kwenda ziwani, ambako hata malori yanashika breki toka juu. Njiti isiyo na rangi ilipanda, ikazama, ikapanda. Kwenye kona ililia mara moja. Nikashika kiti, sikuruka. Tulipopanda tena mpaka mulango wa atelie, ilikuwa bado nzima.

Mwenye gari aliizunguka mara mbili. "Huyu aliyeitengeneza abadilishe njiti hii," akamwambia mukubwa, "na itaenda kanisani."

Mukubwa akangoja mwenye gari aondoke. "Ukimaliza, unarudi kwa viti."

"Sawa, Bwana."

Muvula mukavu kuliko yote mu atelie ulikuwa kiti cha ofisi yake. Nilichomoa mguu wa nyuma, nikauchonga ukawa njiti, nikaiingiza pahali pa ile mubichi na kuipaka rangi. Kisha nikarudi kwa viti, kama alivyosema. Nikaanza na chake: nilikiwekea mguu wa muti mubichi.

Nilimwambia kabla hajakikalia kwamba mguu huo siuamini sana.