Mashine ya Vyombo kwa Ma Klaudia

Mama yangu hali kwenye sahani. Nianzie hapo, ili uone wazimu wa jambo lenyewe. Tangu nimjue, Ma Klaudia hula ndizi zake na maharage juu ya jani la mgomba, na hata kiharusi kilipompooza upande wa kulia, miaka minne iliyopita, jani hakuliacha. Akimaliza nalikunja, namtupia mbuzi. Kutwa nzima vyombo vya nyumba hii ni sufuria moja, vikombe viwili na kijiko cha dawa.

Sasa kaka yangu Alexander, aliye Dar es Salaam, akatuletea mashine ya kuoshea vyombo.

Ilishushwa kwenye basi hapa Kamachumu siku ya Alhamisi, boksi kubwa ajabu. Majirani wakasema, "Restituta, una bahati wewe!" Bahati! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa namsubiri Alexander mwenyewe, si boksi. Nilipokuja kumuuguza mama nilikuja na begi moja, wiki mbili tu. Kaka akasema nivumilie mpaka msimu wa kahawa uishe. Ukaisha. Akasema mpaka watoto wake wamalize mitihani. Wakamaliza. Mwaka huu akaapa kabisa: Juni anakuja kumchukua mama, ni zamu yake.

Na mimi Juni hiyo niliihitaji. Ni fundi cherehani mimi. Kule Bukoba mjini, kwenye kibaraza cha rafiki yangu Zuena, karibu na soko, cherehani yangu imefunikwa kitambaa miaka yote hiyo. Zuena kanivumilia mpaka kachoka. Wiki iliyopita alinipigia: "Resti, kuna binti anaitaka nafasi yako. Jumatatu usipokuwepo nampa, na usinilaumu." Nikamwambia Jumatatu saa mbili asubuhi nipo. Nikafua gauni langu la kutokea, nikalipiga pasi.

Jumamosi, badala ya Alexander, akaja fundi bomba kutoka Muleba mjini, Ta Buberwa, katumwa na kaka. Mtu mzima, mpole; huku kwetu wanaume wa rika lake huitwa Ta. Aliinama chini ya sinki, akagonga ukuta kwa kidole, akatoka kuangalia tangi. Akanieleza kwamba atakata bomba la maji, aweke njia ya pili na koki yake, na kwamba mpira wa maji machafu lazima kwanza upande juu ndipo ushuke, la sivyo uchafu unarudi kwenye vyombo.

"Vyombo vipi, Ta Buberwa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sasa nikuulize," akasema, "bomba lipite juu ya ukuta au nilichimbie ndani? Likipita juu, siku mkihama nalifungua mara moja. Likichimbiwa ndiyo basi tena."

"Juu," nikasema haraka.

Lakini aliyemtuma si mimi. Akapiga simu Dar, akaweka sauti ya nje.

"Chimbia, fundi," Alexander akasema. "Piga na plasta. Hiyo haihami, na Resti yupo hapo hapo."

Yupo hapo hapo! Kama jiwe la kusagia. Nikaisogelea simu. "Kaka, Juni ndiyo hii. Uliapa."

"Aa, Resti, kazini hapajakaa vizuri. Ndiyo maana nimekuletea msaidizi. Mashine hiyo inafanya kazi ya watu wawili."

"Basi iambie imgeuze mama kitandani. Imwogeshe, imnyweshe uji, imshike chooni. Mimi Jumatatu naondoka."

"Usinivunjie heshima mbele ya fundi. Tutaongea Krismasi." Akakata.

Ta Buberwa alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimelisema, na nilijua nitaondoka kweli. Nilishaanza kuwaza jirani yupi wa kumwachia funguo mpaka Alexander apande ndege akitaka asitake.

Chumba cha mama na jiko vimetengwa na ukuta mmoja, na kiharusi hakikumpata masikioni. Nikasikia kitu kinaburutwa. Nikakimbia.

Mama alikuwa amesimama. Peke yake! Mkono wa kushoto umeng'ang'ania mlango, mguu mbovu umepinda, jasho linamtiririka, kanga imedondoka sakafuni wala hana habari.

"Ona," akaniambia kwa Kihaya, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Naweza. Nenda, mwana wange."

Nikamdaka kabla hajaanguka. Nilimrudisha kitandani, nikambadilisha nguo na shuka, maana kule kujitutumua kulimfanya ajikojolee, na yeye anarudia tu, "Kesho nitaweza zaidi. Wewe nenda." Nikalia mbele yake bila aibu. Nilimchukia Alexander, na Mungu anisamehe, dakika ile hata mama nilimchukia. Angenishika gauni akaniomba nibaki, ningeondoka.

Ta Buberwa alikuwa amesimama koridoni na tindo mkononi. "Nifanyeje, mama?" akaniuliza.

"Fanya ulivyotumwa, waitu," nikamjibu, kwa lile neno letu la heshima.

Nyundo ikaanza, vumbi likajaa jikoni. Nikatoka na simu mpaka migombani, nikampigia Zuena. Nikamwambia ampe yule binti nafasi.

Akauliza, "Na cherehani yako, Resti? Nikupakilie kwenye basi?"

"Hapana," nikamwambia. "Mwachie aitumie. Inataka mafuta tu, imekaa sana."