Jezi za Barafu, Jua la Nduruma

Lawama ya kwanza ni yangu, kwa sababu jezi nilizileta mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili na kazi yangu ilikuwa kuuza mitumba. Miaka michache kabla ya hapo watu walikuwa wanapanga foleni kwa kipande cha sabuni, na shati jipya lilikuwa habari ya mtaa mzima. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, na nguo za watu wa mbali zikamwagika Arusha mpaka ukawa unakutana na mzee anachunga mbuzi kavaa koti la harusi. Mimi nikapata meza sokoni. Jumapili nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya mtaa wetu, Ngarenaro.

Ilikuwa timu ya mafundi: wachomeleaji, wapiga rangi, mafundi wa springi, na mwoka mikate mmoja ambaye hatukujua aliingiaje. Tulicheza na mashati yetu wenyewe, kila mtu na rangi yake. Marefa walitutambua kwa grisi.

Siku moja nilikata kamba za belo jipya nikakuta jezi kumi na saba za aina moja. Nilipiga ukelele, jirani yangu wa meza akadhani nimeumwa na nge. Zilikuwa nyekundu na nyeupe, mikono mirefu, na kifuani kulikuwa na picha ya mnyama mweupe aliyeachama. Wachezaji wengine walisema ni mbwa, wengine nguruwe. Kapteni wetu, beki mrefu aliyekuwa amesoma kutuzidi sote, alisema ni dubu, na kwamba jezi zile ni za mchezo unaochezwa kwa kuteleza juu ya barafu. Alishika kitambaa, akakipima kwa vidole. Mabegani na viwikoni kilikuwa kimeshonwa mara mbili.

"Hii ni nguo ya baridi," alisema. "Tutapikika humu."

"Wewe vaa," nilimjibu. "Lini umeona timu ya Ngarenaro imevaa sare?"

Namba nazo zilikuwa za ajabu. Golikipa alipata 36, kapteni 88, mimi 91. Mechi ya kwanza refa alituuliza kwa upole tumesajili wachezaji wangapi.

Kocha wetu alizipenda mno. Tulimwita Fundi, kwa kuwa mtaani hapakuwa na mtu aliyezijua injini kama yeye. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kofia isiyovuliwa hata kanisani mpaka mkewe aliposema. "Nzito ndiyo nzuri," alisema. "Jasho ni uchafu. Acha utoke."

Na uchafu ukishatoka, hakutaka kitu chochote kiingie. Maji yalikuwa marufuku tangu mazoezi yanapoanza hadi yanapokwisha. Mwenye kiu alipewa kokoto anyonye. Kapteni alijaribu mara moja kumweleza kwamba amesoma gazetini wachezaji wa nje wanakunywa maji uwanjani.

"Hilo gazeti limewahi kufungua giaboksi?" Fundi aliuliza.

"Hapana, Fundi."

"Basi nisikilize mimi. Injini ya moto ukiimwagia maji ya baridi, silinda hedi inapasuka. Mtu naye ni injini."

Tulimwamini. Sote tulikuwa tumeona kwa macho yetu silinda hedi zilizopasuka. Hakuna aliyekuwa amemwona mchezaji aliyepasuka. Na Ngarenaro, ukifanya mazoezi jioni upepo wa Mlima Meru unapokupuliza mgongoni, unaweza kuishi na mafundisho ya namna hiyo miaka mingi bila kujua ubaya wake.

Ndipo vijana wa Nduruma, kule tambarare chini ya mlima, walipotualika. Mshindi angeondoka na mbuzi. Tulipanda lori la mchanga Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumeshavaa jezi zetu kabisa, maana tulitaka watu wote njiani watuone. Walituona. Kadiri lori lilivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na tulipofika chini jua lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya mahindi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nilikuwa hata sijaugusa mpira, na mgongo wangu ulikuwa umeshalowa.

Wenzetu walikuwa wakulima. Wengine walivaa singlendi, wengine vifua wazi na kaptula. Tulipowaona tuliwacheka.

Uwanja wao, upande wangu wa kushoto, ulipakana na mfereji wa maji ya kumwagilia, yanayotoka mlimani. Dakika ishirini za kwanza sikuujali. Tulikimbia kama waliofungwa siku tatu kisha wakafunguliwa. Tukapata goli, dubu wetu wakakumbatiana. Fundi alirusha kofia juu, mara yetu ya kwanza kuona kipara chake nje ya kanisa.

Baada ya hapo nikaanza kuona jambo. Mpira ulikuwa unaingia mferejini mara nyingi mno. Beki wao wa kulia, aliyekuwa ananikaba, alikuwa akibanwa kidogo tu anaupiga mferejini, kisha anaufuata mwenyewe taratibu, anainama, anachota maji kwa kiganja, anakunywa, anajimwagia kichwani, ndipo anarudi na mpira. Wenzake nao walipokezana hivyo hivyo. Nilimwangalia mpaka nikasahau kumkimbia.

"Kaka, mbona nyie hamnywi?" aliniuliza.

"Tumekatazwa."

"Na nani?"

"Na kocha wetu."

Alijipangusa maji usoni. "Mna ugomvi naye?"

Wakati wa mapumziko Fundi alitutolea zawadi. Alikuwa amenunua kopo la glukosi, kitu kipya madukani siku zile, chenye picha ya mtu anayeruka. Alitupanga mstari akampa kila mmoja kijiko kimoja cha unga mkavu juu ya ulimi mkavu. Vinywa vikawa saruji. Nilipojaribu kusema asante ukatoka moshi mweupe, na mwoka mikate, ambaye maisha yake yote yalikuwa unga, alikohoa hadi akakaa chini. Kapteni alikataa. Alisema hana hamu ya kitu. Alikuwa amekaa peke yake, mikono magotini, na nilipompita nikaona jezi yake imekauka, ina mistari myeupe ya chumvi kifuani. Nikafikiri: huyu ana bahati, hatoki jasho.

Kipindi cha pili tulianza kuanguka. Wa kwanza alikuwa fundi springi; misuli ya mguu ilimkaza, akalala chini anaomba mama yake aitwe. Akafuata mpiga rangi mmoja, halafu mwingine. Mimi nilikuwa naona mipira miwili, na kila mara niliupiga ule usiokuwepo. Wenyeji walisawazisha bila hata kukimbia. Fundi alikuwa pembeni anapiga kelele: "Kaza! Kaza mwili!" Mwili ulikuwa umekaza tayari, ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Mpira ulikuwa umetoka kona. Sote tulirudi golini kwetu kulinda. Kapteni alikuwa amesimama mbele ya mlingoti wa goli, kaipa kona mgongo.

"Shikamoo, baba," aliuambia mlingoti.

Uwanja mzima ulicheka. Wenyeji walicheka, golikipa wetu alicheka, na mimi nilicheka sana. Bado nakisikia kicheko changu. Kapteni alingoja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, kisha akarudia kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa heshima: "Nimesema shikamoo." Hapo akaenda chini, uso mbele, bila kutanguliza mikono.

Kicheko kilikatika. Nilimgeuza. Alikuwa wa moto kama sufuria, macho nusu wazi, na ngozi kavu kabisa.

Mama mmoja aliingia uwanjani mbio kutoka kwa watazamaji, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa mama yake yule beki wa kulia, na alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani. Vijana wa pale walimwita yeyo, kama Waarusha wanavyomwita mama, na alipoamuru hakuna aliyeuliza mara mbili.

"Mpelekeni kivulini! Na mvueni hilo blanketi!"

Tulimbeba hadi chini ya mgunga. Jezi ilikataa kutoka. Ilikuwa imemganda na mikono yake ilikuwa mizito kama ya maiti, neno ambalo wote tulilifikiria na hakuna aliyelitamka. Yeyo alidai mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, akaichana jezi kuanzia shingoni, katikati ya meno ya dubu, mpaka chini.

"Maji! Mengi! Mwageni mwili mzima!"

Nilinyakua ndoo nikakimbilia mfereji. Nilipoinama, misuli ya mapaja yote mawili ikanikamata kwa pamoja, nikatumbukia kichwa kwanza. Nilikunywa. Jezi nayo ilikunywa, kunizidi mimi, na nilipotaka kuinuka nikakuta nimebeba godoro lililoloa. Beki wa kulia alinivuta kwa kola hadi ukingoni, akaniacha nimelala pale kama kambare, akachota maji mwenyewe.

Kutoka pale nilipolala nilimsikia yeyo. "Nani mkubwa wa hawa vijana?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Wamekunywa nini tangu asubuhi?"

Fundi alianza kueleza habari ya injini na silinda hedi, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na kila neno lilitoka dogo kuliko lililotangulia.

"Na hilo gari lako," yeyo alisema huku akimpepea kapteni kwa kanga, "unaliendesha rejeta ikiwa kavu, bila tone la maji?"

Fundi aliivuta kofia chini mpaka kwenye nyusi.

"Nakuuliza, baba. Linafika?"

"Halifiki."

"Basi chukua ndoo. Mfereji ule pale."

Hatukuwahi kumwona Fundi akikimbia. Siku ile alikimbia. Alikwenda na kurudi kati ya mfereji na mgunga, ndoo baada ya ndoo, kofia imeanguka njiani na kukanyagwa, na kila alipomwaga alimtazama kapteni usoni na kusema "mwanangu," neno ambalo hakuwahi kumwambia yeyote kati yetu. Mke wake alikuwa hajamzalia mtoto wa kiume. Sikujua mpaka siku ile kama jambo hilo alilihesabu.

Sijui ilichukua muda gani. Kapteni alikohoa, akafungua macho, akatuangalia mmoja mmoja. Alipoulizwa jina lake alilisema vizuri. Yeyo akamkalisha, akaagiza maji yaliyochemshwa nyumbani kwake, akatia sukari na chumvi kidogo, akamnywesha funda moja moja.

"Tumeshinda?" kapteni aliuliza.

"Zimebaki dakika ishirini," alijibu golikipa, mtu asiyejua kudanganya.

Kapteni alijaribu kuinuka. Yeyo alimrudisha chini kwa kidole kimoja.

Lori lilimpeleka zahanati, Fundi pembeni yake ameshika mkono wake. Aliwekewa dripu, na kesho yake mchana aliruhusiwa. Mechi haikuendelea, tulikuwa tumebaki sita wa kusimama, na wawili kati ya hao walikuwa wanaegemeana. Wenyeji wangeweza kumchukua mbuzi wao wakanyamaza. Badala yake walimchinja wakatuita. Hatukuwa na nguvu ya kutafuna, tukapewa supu ya moto yenye chumvi nyingi. Nilikunywa bakuli nne.

Jumanne Fundi alikuja mazoezini na ndoo yenye mfuniko na vikombe viwili vya bati. Hakuomba radhi, wala hatukutegemea. Aliweka ndoo chini, akasema, "Kila baada ya muda nitapiga filimbi. Nikipiga, mtu anywe. Asiye na kiu naye anywe." Kisha akanywa yeye wa kwanza, tukimtazama, kama anayeonyesha kwamba hakuna sumu.

Alikuwa amerudi Nduruma peke yake kumwona yeyo, nilikuja kujua baadaye, na alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi ya sigara. Mwili ujengwe polepole. Jua nalo lizoewe polepole, siku moja kidogo, kesho zaidi kidogo. Basi tukaanza kupanda Meru asubuhi, kati ya migomba na mibuni, tukikimbia mwanzoni kama dakika kumi tu, baadaye nusu saa. Wazee wa Kimeru walikuwa wanasimama na majembe yao kutuangalia.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Mnakimbizwa na nani?"

Jezi nilizirudisha mezani nikiwa na aibu, lakini walinzi wa zamu ya usiku walizigombea zikaisha siku ile ile. Tukacheza kwa singlendi.

Kapteni alikaa nje mwezi mzima, kwa amri ya yeyo na ya mama yake mzazi, ambaye kwa muda mrefu hakuitikia salamu yangu. Aliporudi tuliwaalika vijana wa Nduruma kwa mechi ya marudiano, kwenye uwanja wa Olasiti, upande wetu. Tulicheza dakika zote tisini, kumi na mmoja wote tumesimama. Tulifungwa mbili kwa moja.

Dakika ya mwisho nilipata mpira peke yangu mbele ya golikipa wao. Miguu ilikuwa mizima, pumzi ninayo, mpira nauona mmoja tu. Niliupiga juu kabisa, ukaenda kutua kwenye shamba la mahindi la mtu. Nikajitupa kwenye majani, na beki wa kulia, aliyekuwa amenifukuza kutoka katikati ya uwanja, akajitupa pembeni yangu akitweta.

"Siku ile ulikuwa na kiu," alisema. "Leo umekosa kwa nini?"

Nilifikiri kwa uaminifu.

"Leo nimekosa kwa sababu sijui mpira," nikamwambia, akacheka hadi refa akaja kuona kama tumeumia.