Mbio za Shangazi Kutoka Mahege

Juzi redio ya mjukuu wangu hapa Ikwiriri ilikuwa ikieleza jinsi Michezo ya Olimpiki ilivyoanza. Mtangazaji alisema ilifufuliwa huko Ugiriki wakati ambao mimi, kwa hesabu zangu, nilikuwa bado mgongoni mwa mama. Wakaweka mbio ndefu za kumkumbuka tarishi wa kale aliyekimbia kutoka vitani, akafika mjini, akatoa habari ya ushindi, akaanguka akafa. Kisha mtangazaji akaongeza kwamba katika michezo ile ya kwanza wanawake hawakuruhusiwa kukimbia. Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka, maana nilimkumbuka shangazi yangu.

Nivumilie, mwenzangu. Mzee akianza kukumbuka hana kituo.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa bibi. Mpunga ukikaribia kuiva tulihamia bondeni, tukaishi kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo, tukifukuza ndege kwa makelele na makofi. Chini bibi alipika wali mpya na kambale mkavu, na harufu ile ilitupandia mpaka juu. Jua likipoa tulishindana mbio kutoka dungu hadi dungu, nguo tumezifunga kibwebwe, tope likiruka hadi masikioni. Zawadi ilikuwa ukoko wa chunguni. Shangazi alishinda kila siku, na kila siku alinimegea nusu, akinitania kwamba nakimbia kama bata aliyeshiba. Alipoolewa Mahege nilinuna mwezi mzima.

Bibi alikuwa mkali wa adabu. Mgeni, hata awe mwanawe wa kumzaa, hakutoa neno lake mpaka ameketi, ameoshwa miguu, amekunywa maji. Akiulizwa habari hujibu njema kwanza, hata kama ametoka kuzika. “Ubaya haupokelewi mlangoni,” bibi alizoea kusema. Sote tulilelewa hivyo, na shangazi kutuzidi.

Kisha vita vya Maji Maji vikaja. Baba na wanaume wengine walipewa maji ya dawa, wakaambiwa risasi za Mdachi hazitawadhuru, wakaenda. Hawakurudi. Baadaye askari wakaanza kupita vijijini wakichoma vyakula. Sisi tulikuwa tumekwisha vuna. Kihenge nyuma ya nyumba kilijaa mpunga, na mbegu ya msimu ujao ilikuwa humo humo. Hatukuwa na kingine.

Asubuhi moja mimi na bibi tunatwanga, shangazi akatokea kwenye njia ya Mahege, mbio zile zile za bondeni. Nikapiga kigelegele, mjinga mimi. Alipokaribia ua akapunguza mwendo, akajitengeneza nguo, akapiga hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa kitako, upoe. Habari za huko?”

“Njema.”

Bibi akanituma maji. Nikamwosha miguu, ilikuwa inavuja damu. Akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ya mtoto aliyefunzwa: “Njema, mama, ila askari wanachoma vihenge. Wako nyuma yangu.”

Bibi aliwahi kuchota ungo mmoja tu. Tulijificha kwenye matete tukisikiliza mpunga wetu ukipasuka motoni kama bisi. Harufu yake ilikuwa tamu, na utamu ule sijausamehe mpaka leo. Muda wa kuosha miguu ungetosha kuiokoa mbegu.

Njaa ikaingia. Tulichimba ming’oko, viazi vya porini, hata navyo vikawa vya kugombaniwa. Bibi hakumlaumu shangazi hata siku moja, alijilaumu mwenyewe. Tangu hapo kila aliyekanyaga ua wetu, hata jirani aliyekuja kuomba moto, alipokewa kwa ukelele: “Sema kwanza! Utakaa baadaye!” Watu walimcheka. Mimi niliona aibu, na sasa naona aibu kwa aibu ile.

Shangazi hakuimaliza njaa. Alilala mkekani, miguu yake ya mbio imekuwa vijiti. Nilimpelekea kipande cha mng’oko kilichogandia chini ya chungu, maana ukoko haukuwapo, nikakimega nusu kwa nusu. Hakukigusa. Bibi akamwinamia.

“Sema, mwanangu. Habari?”

“Njema.”

Bibi akangoja ile “ila”. Haikuja.

Siku hizi hakuna anayemwosha mgeni miguu, na madungu bondeni yamepungua. Redio inataja maiti kabla hatujaketi. Huenda ni afadhali, sijui. Wajukuu wangu wakirudi nyumbani nawauliza habari, wanajibu njema, wanapita ndani kutafuta chakula. Mimi hubaki pale pale mlangoni. Wananicheka wakidhani nimesahau nilichotaka kusema, kumbe bado nangoja.