Jumamosi za Kukalia Kigoda cha Mama

Enzi zetu sura ya mtu haikupatikana kwa kugusa kioo cha simu. Ilikaliwa. Mtu aliketi Jumamosi baada ya Jumamosi, akatazamwa, mpaka sura yake ikatulia juu ya ubao. Nalazimika kuyasema haya kwa sababu wajukuu wangu hapa Uyole, Mbeya, huwaambia wageni kwamba picha ya rangi ya mafuta iliyoko sebuleni, ya marehemu babu yangu, ilinakiliwa kutoka kwenye fotografia. Si kweli. Babu hakupigwa picha hata siku moja. Mimi niliyetunza majalada ya serikali maisha yangu yote ya kazi sitakubali jalada la nyumbani kwangu livurugwe nikiwa hai.

Aliyechora ni mama. Tuliishi Mafinga, baba akifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na mama alikuwa amefundishwa kuchora na mtawa mmoja alipokuwa msichana. Alichorea jikoni kwenye kipande cha plaiwudi, mtoto mgongoni, brashi moja mkononi na nyingine katikati ya meno, harufu ya mafuta ya kitani ya kulainishia rangi ikichanganyika na ya maharage na moshi wa kuni za misonobari.

"Tusekile, angalia maharage!" alipaza sauti bila kugeuka. Tusekile ni dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa.

Sisi ni Wanyakyusa, na watu wa rika langu wanajua maana yake: mke wa mwana hakumtazama baba mkwe usoni. Tulipokwenda nyumbani kwao baba, Tukuyu, mama alipokutana na babu njiani alisogea pembeni akampa mgongo. Miaka yote ile alimjua kwa sauti na kikohozi tu. Babu alipofariki, bibi alitaka sura yake iwepo Tukuyu siku ya kuweka msalaba kaburini. Mwenye kuchora katika ukoo alikuwa mmoja tu, yule yule asiyewahi kumwona.

"Basi macho yako ni mimi," bibi akasema, akaja kukaa kwetu Mafinga. Alikaa karibu na moto akipukuchua mahindi, huku akiitafuta sura ya marehemu kwa walio hai. "Pua ni ya baba yao. Paji la uso ni la Tusekile. Mdomo ni wa huyu mkorofi."

"Tulia, baba," mama aliniambia, akiwa amenikalisha kwenye kigoda chake. "Mdomo huo si wako, umeuazima kwa babu."

"Na usiufunge hivyo!" bibi akadakia. "Mwenyewe hakujua kuufunga." Mama alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Tulikuwa watoto saba. Siku za kawaida mama alinitazama kuhakikisha nimenawa miguu. Juu ya kigoda kile alinitazama saa nzima, kana kwamba hakuzaa mwingine. Jumamosi ya tatu alitangaza kuwa mdomo umekamilika, na wiki itakayofuata ni zamu ya Tusekile. Kwa baridi ya Mafinga rangi ile ilichelewa sana kukauka. Mama alipokwenda kuteka maji, nilipitisha kidole gumba juu ya mdomo wa babu.

Aliyeonekana akitoka jikoni ni Tusekile, aliyekuwa ametumwa kuangalia maharage. Adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa zamu. Paji la uso lilichorwa kwa kumtazama mdogo wetu, nami nikapewa Jumamosi mbili zaidi. Niliketi, nikaiacha lawama kwa dada. Picha ilifika Tukuyu kwa wakati, na wazee wakaiamkia.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Tusekile huko Ubaruku, anakolima mpunga, nikakiri kosa langu kikamilifu.

"Nilijua," alisema. "Rangi ilikuwa chini ya ukucha wako mpaka Jumatatu."

"Sasa mbona hukunisema, dada?"

"Ningekusema, nawe ungenyimwa. Angebaki nani wa kunihadithia? Na hukunihadithia, mdogo wangu. Hebu niambie leo. Alikuwa anakutazamaje?"

Nimeandika taarifa nyingi katika utumishi wangu, hiyo ilinishinda. Wajukuu wangu wana sura zao kwa mamia ndani ya simu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazamwa saa nzima na mtu mwenye kazi nyingi za kufanya. Wao hawajui walichokosa. Tusekile anajua.