Pole na Kuuguza

Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuangushana, mchezaji wa safu ya mbele hana sifa. Kazi yangu pale Houston ilikuwa kusimama mbele ya mrusha mpira na kugongwa na majitu badala yake, basi. Mashabiki hununua jezi ya mrusha mpira. Yangu aliivaa mama, tena akaifanya ya kulalia.

Mwaka ule goti langu la kushoto lilikuwa limekwisha. Nililifunga bandeji chini ya soksi ndefu, nikameza vidonge, nikakaza meno. Ulikuwa msimu wa kupunguza wachezaji, na kocha, mtu asiye na chembe ya huruma, angejua tu, ningeachwa. Nilimwambia mama peke yake, kwa simu, nikamwapisha anyamaze. Kazi bure! Kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa simu.

Asubuhi moja mazoezini nikaona gari la kanisa nje ya uzio. Wakashuka kina mama wa Kitanzania waliotoka Mansfield tangu alfajiri, vitenge viunoni, wamebeba sufuria la ndizi nyama. Mama yangu, aliyeishi huko, ndiye aliyetangulia. Nikawakimbilia. Kabla sijawafikia, alikwisha kumshika kocha mkono kwa mikono yake miwili.

Kwetu anayemtunza mgonjwa naye hupewa pole. Basi mama akampa kocha pole na kuuguza, kwa Kiingereza chake cha kazini, akimshukuru kwa kumwangalia mwanawe, maana goti lile ni baya sana. Kocha akaitazama soksi yangu. Daktari wa timu akaivua, akafungua bandeji. Mchana nilikuwa nimebeba begi langu.

"Wameni-cut, mama! Umeniua!" nilimfokea mbele ya wenzake, bila haya.

"Kula kwanza."

"Miaka yote hii nimeumia kwa ajili ya nini? Kwa ujinga wako wa kuja kutoa pole?"

Akaweka sahani chini.

"Kule nursing home, nyumba ya wazee ninakofanya kazi, naogesha wanaume waliocheza mpira huo huo. Hata uzee hawajaufikia, na kitandani nawainua mimi. Unadhani sikujua kocha hana habari? Nilijua. Ndiyo maana nimekuja."

Nikamwambia namchukia. Nilimaanisha, na kwa miaka mingi niliendelea kumaanisha.

"Nichukie," akasema, akiniongezea nyama. "Lakini unichukie ukiwa umesimama."