Siku Koko Hakunitukana

Koko alinitukana tangu nilipoanza kusikia maneno. Kwetu Karuba, mujukuu mwanamuke na nyanya yake ni wake wa bwana mumoja, njo utani wetu. Nikifika na kuni, Koko anasema: "Muke mwenzangu, na hiyo miguu ya kuku unafikiri muzee atakutazama?" Babu alikuwa amekufa zamani, lakini tuliendelea kumugombania tu. Nami namujibu: "Nyamaza, weye ambaye upepo unapita mu meno!" Anacheka mpaka anashika mbavu.

Wakati wa vita, watu wa milima yetu tulizoea kukimbia. Ukisikia masasi ya bunduki, unabeba sufuria na blanketi, unaingia porini. Koko alikuwa ameteleza shambani na kuvunjika nyonga, hakutembea tena. Papa alimubeba mugongoni, tukalala naye mu mvua chini ya mikaratusi, naye analia kwa maumivu. Njo watu wakamwambia Papa kwamba iko nyumba ya wazee, kwa barabara ya kushuka ziwani.

"Iko mabati, iko vitanda, iko mama wa kuwalisha," Papa akatuambia. "Na vita haifiki pale."

Mimi nilifurahi kuliko wote. Ni mutu wa kuota macho wazi. Nilishamuona Koko juu ya godoro, anakunywa chai ya maziwa, anatukana wazee wenzake mumoja mumoja.

Barabara ikitulia, tulishuka kumuona, mimi na Papa, kwa sababu Mama alikuwa amekimbilia Goma na wadogo. Tulibeba mashanza, yale maziwa ya kuganda, mu bidon ya manjano, na viazi vya kuchemsha. Mama mukubwa wa ile nyumba alitupokea mulangoni, anachukua bidon kwa mikono miwili, anasema: "Mungoje kidogo, Papa." Tunakaa kwenye benchi. Ndani tunasikia ufagio na ndoo, kisha moshi wa majani ya mikaratusi unatoka kwa dirisha.

"Unasikia harufu nzuri?" Papa ananiuliza. "Watu wa usafi hawa."

Tukiingia, Koko amefunikwa mpaka kidevuni, kikwembe kipya kichwani. Papa anasimama upande wa miguu, kofia mikononi. Kwetu mwanaume hainamii kitanda ya mama yake wala hafunui blanketi yake. Hiyo aibu haitoki. "Mama, uko muzuri?" "Niko muzuri, mwanangu." Na yule mama mukubwa amesimama palepale, na muzee wetu gani atalalamika mbele ya mutu anayemulisha? Basi tunapanda mulima kurudi, Papa anapiga mluzi.

Siku moja niliingia na tusi nililolitengeneza njia yote.

"Muke mwenzangu! Muzee amenijia mu ndoto. Amesema weye akuache hukuhuku, anioe mimi!"

Nikangoja. Koko alinitazama. Midomo ilisogea, hakuna sauti. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ulimi umeshikamana ndani.

"Koko, nijibu basi."

Kwenye dirisha niliona kikombe chake, kimegeuzwa, kikavu, na buibui alikuwa amefunga uzi kutoka mukono wa kikombe mpaka ukutani. Nikakichukua.

"Usimupe sasa, ametoka kunywa," mama mukubwa akasema.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa mama muzee mwingine, ambaye watu wake walikimbilia Walikale. Akacheka kicheko kikavu. "Kunywa nini? Hapa wanatunyima maji tusikojoe. Nani atafua?"

"Weye akili yako ilishapotea!" mama mukubwa akamukaripia.

"Akili iko. Maji njo haiko."

Mimi ni muke mwenza, nina ruhusa ambayo Papa hana. Nikafunua blanketi. Papa aligeuka haraka, akatazama ukuta. Kikwembe cha chini kilikuwa kimeshikamana na nyama. Kwenye nyonga kulikuwa kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia, na ndani yake kitu cheupe, mufupa. Harufu yote ambayo majani yalikuwa yanaificha ikatoka mara moja.

"Papa, usigeuke," nikasema. "Lakini tafuta watu. Tunamubeba leo."

Mama mukubwa akakaa chini, akaanza kulia. "Wenzangu wote walikimbia. Nimebakia peke yangu. Watu wa bunduki wanapita, wanabeba unga, wanabeba hata sabuni. Mulitaka nifanye nini?"

"Ungetuambia," Papa akauambia ukuta. "Tungekuja kufua."

Mpaka leo sijui kama ninamuchukia yule mama mukubwa.

Papa alipokwenda kutafuta wabebaji na tipoyi, machela ya kubebea wagonjwa, nililowesha ncha ya kikwembe changu mu ndoo ya maji, nikamudondoshea Koko maji mudomoni. Mwisho akameza.

"Nami, binti," yule wa kitanda cha pili akasema. Nikamupa. Kisha yeye mwenyewe akainua blanketi yake. "Nitazamie nami. Wajukuu wangu wako mbali."

Nikamutazamia. Nilimuosha kwa maji yaliyobaki mu ndoo. Tipoyi ilifika, moja tu, na wabebaji walikuwa na haraka sababu ya hatari ya barabara.

"Nitarudi, Koko," nikamwambia yule wa kitanda cha pili, kwa maana kila mama muzee kwetu ni Koko. Niliamini, kama ninavyoamini kila kitu.

Nyumbani tulimulaza karibu na moto, nikamuosha kila siku kwa maji ya chumvi. Asubuhi moja niliingia na kuni, nikasikia sauti ndogo: "Muke mwenzangu... unakanyaga kama ng'ombe ya kule Kirolirwe." Nikaangusha kuni zote. Nilicheka huku machozi yananitoka. Lilikuwa tusi lake la mwisho. Kidonda kilishafika mbali, na maharagi ilipotoa maua tukamuzika.

Vita ilikuwa imefunga barabara. Ilipofunguka nilishuka, na bidon ileile ya manjano, safari hii imejaa maji ya yule Koko wa kitanda cha pili. Kwa madirisha ya ile nyumba ya wazee kulikuwa nguo za askari zimeanikwa. Mumoja alikuwa amekaa kwenye benchi yetu.

"Wazee wako wapi, kaka?"

"Wazee gani?"

Akatazama bidon, akaniomba maji. Alikunywa sana, akanirudishia.