Unyayo wa Shangazi

Shangazi yangu wa Namtumbo alikuwa fundi wa kukanyaga tumbaku. Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, yeye ndiye aliyeitwa kushindilia majani kwenye marobota, peku, huku akiwatania wanaume kwamba nyayo zao laini kama za padri. Utomvu ulimganda miguuni, mweusi tii. Ndiyo maana doa lililomtokea unyayoni hakuna aliyeliona. Alilisugua kwa jiwe msimu mzima, akidhani ni utomvu, mpaka likaanza kutoa damu.

Nikamleta Songea, kwenye hospitali nilikokuwa muuguzi. Daktari akasema ni saratani ya ngozi, mguu ukatwe. Nilikasirika jamani! Nilimkasirikia daktari, tumbaku, hata lile jiwe.

Shangazi akauliza tu, "Mkikata, itakuwa imekwisha?"

Daktari hakumficha: huenda imeshasambaa. Alikuwa ametoka masomoni Ulaya, akamweleza kwamba huko wanajaribu chanjo ya kuongezea juu ya upasuaji. Wanachukua chembe za ulinzi kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, wanazionyesha saratani yake ilivyo, kisha wanazirudisha mwilini zikawafundishe askari wengine adui wa kupigana naye. Bado ni majaribio, na huku kwetu haipo.

"Loo, watu wana akili!" Shangazi akasema. "Kumbe damu yangu haina uvivu. Haijaonyeshwa adui tu."

Mimi nalia, yeye anacheka. Mwanamke yule nilimpenda mno.

Mguu ukakatwa, akarudi Namtumbo na magongo. Msimu ulipofika akakaa mlangoni mwa banda la tumbaku na ndoo ya maji na sabuni. Hakuna aliyetoka bila kunawa miguu na kumwonyesha unyayo. Aliyeleta ubishi alifunuliwa kile kigutu, akanywea.

"Nafundisha walinzi, mwanangu," aliniambia.

Saratani ikamrudia mapafuni, ikamuua. Chanjo ile haikumfikia, na mpaka leo inaniuma.

Siku ya mazishi tulikuwa tumekaa mkekani, wanawake tupu. Jirani yake, naye mkanyaga tumbaku, akaja, akavua kandambili, akaninyooshea mguu uliosuguliwa ukatakata. Kisiginoni palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi.

"Aliliona shangazi yako, akiwa kitandani," akaninong'oneza. "Akasema unipeleke hospitali, tusingoje matanga yaishe."